Maji ya Kumbatizia Mke Wangu

Wale vijana wawili walipoingia mtaani kwetu na baiskeli zao, kila mmoja alikuwa na kibao cheusi kifuani kilichoandikwa "Mzee" na jina la ukoo wake. Mzee, na kidevu kitupu kama yai! Mimi neno hilo nimelisotea. Nimeingia mitaro ambayo panya wenyewe wanaikwepa, nimeota mvi humo humo, na mpaka nastaafu watu walikuwa bado wananiita "we fundi". Wao wamekuja nalo limebanwa shatini.

Nilikuwa fundi bomba. Sikusoma popote, nilisomeshwa na mabomba. Niliwahi kumvuta chatu kwenye bomba la inchi mbili, nikavuta asubuhi mpaka adhuhuri, na mkia ulikuwa bado uko kwa jirani. Kila nikikisimulia kisa hicho, mke wangu alimgeukia mgeni akamwambia, "Jana alikuwa mjusi."

Vijana wenyewe walikuwa wamisionari wa Kimormoni. Kanisa lao huwachukua wakiwa bado wanaota mifupa, likawapeleka nchi za watu miaka miwili kuhubiri, mguu kwa mguu, mlango kwa mlango. Huwa wawili daima. Hata kununua sabuni huenda wote, na mmoja akiingia kunyoa mwenzake anakaa kwenye benchi anamngoja. Yule mrefu aliyetoka ng'ambo, masikio mekundu kama yamefinywa, mtaa ulimwita Ngongoti. Mwenzake mfupi alikuwa wa nchi jirani, hasemi mpaka asemeshwe. Tukamwita Kivuli.

Mke wangu aliwaona wamesimama juani, milango yote imewafukuza, akawaita ndani. Akawamiminia chai. Wakaitazama. Kumbe dini yao hairuhusu chai.

"Mgeni gani hanywi chai?" nikauliza. "Mmetumwa na idara ya maji?"

"Tunaweza kunywa maji ya moto, Babu," Ngongoti akajibu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi.

"Basi mtakunywa maji ya moto," mke wangu akasema, "na mtayanywa kwenye vikombe vya wageni. We fundi, funga mdomo, unawatisha watoto."

Sisi hatukujaliwa mtoto. Nalisema mara moja tu, nisilirudie.

Tangu siku hiyo wakawa wa kwetu. Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua na kupiga simu nyumbani, na Ngongoti akawa anapigia barazani kwetu, maana mke wangu alitaka kumwona mama yake. Wanawake wale wawili walitazamana kwenye kioo cha simu, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, na Ngongoti katikati anatafsiri.

"Mwambie mama yako hujala vizuri, mbavu naziona."

"Mama anasema nyumbani pia nilikuwa hivi."

"Mwambie sikubali."

Lakini walikuwa na sharti moja lililonichekesha sana. Mimi nisipokuwepo, hawaingii ndani. Mwanamke akiwa peke yake, mmisionari haikanyagi nyumba, hata awe bibi wa kuweza kumzaa mama yake. Nikiwa nimetoka, somo lilifanyiwa barazani, au walikaa pale nje wakaningoja, kofia zao za baiskeli magotini.

"Mnaogopa atawala?" niliwauliza.

"Ni sheria, Babu. Tumeahidi."

"Waache," mke wangu akasema. "Afadhali kijana anayeogopa kuingia kuliko yule asiyejua kutoka. Kama wewe ulipokuja kuziba bomba kwa baba yangu, ukakaa wiki nzima."

Bomba lile lilikuwa bovu kweli. Lilinipa mke.

Ikafika siku akaniambia anataka kubatizwa. Sikushtuka. Kilichonishtua ni Ngongoti kuja kuomba ruhusa yangu, maana kwao mke wa mtu habatizwi mpaka mume akubali. Alisimama wima, masikio yamewaka.

"Ruhusa?" nikamwambia. "Kijana, tangu nimuoe sijamruhusu kitu huyu. Hujiruhusu mwenyewe, mimi napata taarifa."

Tatizo likawa hodhi. Kanisani kwao walikuwa na hodhi ya vigae ya kubatizia, unashuka kwa ngazi mpaka maji ya kiunoni, lakini ilikuwa inavuja. Ukiijaza asubuhi, jioni unakuta tope. Na wao hawanyunyizii mtu maji usoni. Mtu anazamishwa mzima, mashahidi wamesimama wanatazama, na kidole cha mguu kikibaki juu ya maji kazi inarudiwa. Mke wangu akanitazama. Nikachukua spana zangu.

"Kwa mwili ule, nikiiziba isivuje itafurika," nikamwambia Kivuli. Akacheka kwa mara ya kwanza, kisha akatazama huku na huku kama ameiba.

Kasoro ilikuwa chini, kwenye koki ya kutolea maji. Mpira wake umeliwa na bomba limepasuka chini ya kigae. Nilifumua, nikabadilisha, nikafunga tepe, nikapaka saruji, nikaacha ikauke. Ubatizo ulipangwa Jumamosi. Alhamisi nikaenda kuijaza, nikakaa ukingoni kwenye kigoda kutazama mstari wa maji. Haukushuka hata unene wa ukucha. Nilirudi nyumbani njia nzima natunga jinsi nitakavyojisifu.

Nikawakuta barazani, kofia magotini.

"Mama yupo?"

"Yupo, Babu," Ngongoti akasema. "Redio inaimba. Tulipiga hodi, hakusikia, tukajua yuko jikoni. Halafu kitu kilianguka, kama sufuria. Tukaita. Tukasema tukungoje wewe."

Mlango haukuwa umefungwa. Haukuwahi kufungwa mchana.

Alikuwa sakafuni jikoni, upande mmoja wa uso umelegea, jicho moja linanitazama. Birika lilikuwa limekauka juu ya moto na chini yake kumeanza kuwa kwekundu. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya wageni, vimefunikwa kwa visahani visiingie nzi.

Sikumbuki niliita nini. Nakumbuka Ngongoti akinipita, maana sasa mwenye nyumba nipo na anaruhusiwa. Akamwinua mke wangu peke yake, mwanamke ambaye mimi nilishindwa kumwinua hata siku ya harusi yetu, akatoka naye mbio mpaka barabarani, mkono mmoja wa mke wangu umeishika tai yake. Kivuli alikuwa ameshasimamisha teksi.

Hospitali walitupokea kwenye korido. Daktari, mama mmoja aliyechoka, alimwangaza machoni kwa tochi, akauliza, "Ameanguka saa ngapi?"

Mimi sikujua. Ngongoti ndiye aliyejibu. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemuuliza yeye, lakini alijibu. Alisema walikuwa nje, walisikia kishindo, ilikuwa kitambo kabla ya Babu kurudi.

"Mngemleta mapema kidogo…" daktari akaanza, kisha akamtazama yule kijana usoni, akaliacha neno hapo. Kiswahili cha Ngongoti kilikuwa cha darasani, lakini hilo lililoachwa nusu alilielewa lote.

Mke wangu hakuiona jioni.

Tulimzika Ijumaa. Jumamosi, saa ile ile aliyokuwa abatizwe, nilijikuta naelekea kanisani na spana. Nilijiambia kwamba maji yakikaa sana yataota ukungu kwenye vigae. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa nyumbani nikijua yako kule yamejaa, safi, yanamngoja.

Ngongoti alikuwa amekaa ngazi ya juu ya hodhi, viatu mkononi. Kivuli alikuwa mlangoni, mbali kidogo, amegeuza uso.

"Babu," akasema, "narudi nyumbani. Nimemwambia kiongozi wetu."

"Muda wako umeisha?"

"Bado. Nusu."

Nilishasikia kwa Kivuli kwamba kwao anayerudi kabla ya muda wake watu humpokea kwa sauti ya chini, kama mgonjwa. Nikajua anachobeba. Na kama kuna kitu kimoja duniani nilichokuwa nakitaka siku ile, kwa kuwa kile kingine nilikuwa nimekizika jana, ni kwamba mtoto huyu asiondoke na baraza yangu mgongoni. Mke wangu asingelala huko aliko.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikakaa kando yake, nikakohoa.

"Daktari aliniita pembeni," nikasema. "Ulikuwa umeshatoka. Akaniambia, mzee, mshipa kama ule ukipasuka umepasuka. Mkeo mwenyewe alishaondoka kabla hajagusa sakafu, kilichobaki ni mwili unaopumua tu, haujui kitu. Hata hao vijana wangekuwa wamesimama naye jikoni, wangedaka mwili tu. Ndivyo alivyosema, kwa mdomo wake. Na mimi mabomba nayajua, nikamwambia kweli, daktari, ndivyo yalivyo."

Nilikuwa nimedanganya maisha yangu yote, lakini hakuna uongo niliowahi kuusema vizuri namna ile. Sikuongeza chumvi. Sikuweka chatu.

Ngongoti alitazama maji.

"Kwenye gari alikuwa ameshika tai yangu, Babu," akasema. "Alinivuta. Aliniita mwanangu. Akaniuliza kama nimekunywa maji ya moto."

Nikakosa pa kushika. Mimi nilikuwa mbele na dereva. Sikusikia. Maneno ya mwisho ya mke wangu alipewa mtoto wa watu, na sasa ndiyo yanayommaliza.

"Nilikuwa na miguu," akasema. "Mlango ulikuwa wazi. Niliona pazia linapepea. Nikamwambia mwenzangu, tusivunje sheria, Babu yuko njiani."

"Sheria si yako."

"Lakini niliishika mimi."

Nikashuka ndani ya hodhi na suruali yangu ya msiba, maji mpaka kiunoni, nikapapasa koki chini. Nilikuwa nimeikaza kwa mikono miwili ili isivuje milele, na sasa ilikataa kabisa kufunguka. Nikaipiga spana. Ngongoti akashuka naye, na shati lake jeupe na tai yake, tukaishika pamoja, vichwa chini ya maji. Ilipoachia, maji yakaanza kuzunguka juu ya tundu. Tukabaki tumesimama tukiyatazama yakishuka kwenye mapaja, magotini, vifundoni.

"Hawezi tena?" nikauliza. "Ndiyo basi?"

Akanieleza, polepole, akitafuta maneno. Kwao aliyekufa hajapitwa. Mwaka ukishapita, mwanamke mwingine aliye hai anaweza kushuka majini kwa niaba yake, katika hekalu lao, jina lake likatajwa. Ila lazima mume akubali.

"Nimekubali," nikasema. "Ila kwa sharti, na mimi ninalo langu. Uwe wewe utakayemshika huyo mwanamke. Umzamishe wewe, umtoe wewe. Mke wangu hakutaka mwingine ambatize."

Nilidhani nimemfunga kamba ya kumvutia ng'ambo ya pili. Mtu mwenye kazi ya kufanya haendi kujilaza kitandani akageukia ukuta. Alitikisa kichwa, sikuelewa ni ndiyo au ni maji masikioni. Kivuli alikuwa ameshika taulo mbili mlangoni, analia bila sauti.

Jumatatu akaondoka. Alinipa mkono, nikaukataa, nikamkumbatia, mfupi mimi, kichwa changu kwenye kibao chake.

Mwaka ulipita namna yake. Kivuli alihamishwa, akarudishwa, mwenzake sasa ni mwingine, na kila Jumatatu walikuja. Niliwapa maji ya moto mwenyewe. Habari za Ngongoti zilikuja chache: hafanyi kazi, hatoki, mama yake anampigia hodi mlangoni kwake asubuhi na jioni.

Wiki iliyopita Kivuli alikuja akikimbia na simu mkononi. "Babu, kaa. Ni mama yake. Wako hekaluni, leo ndiyo leo."

Yule mama alikuwa nje, nyuma yake maua na ukuta mweupe, nywele zimelowa maji, zimemganda shingoni. Alikuwa anacheka na kulia. Kivuli akatafsiri.

"Anasema amebatizwa. Mama yetu amebatizwa. Amesimama yeye mwenyewe badala yake. Anasema maji yalikuwa ya vuguvugu."

Nikataka kusema mzaha. Nilikuwa nao tayari, wa mwaka mzima, kuhusu maji kufurika. Nikauliza kwanza, "Ngongoti amemshika vizuri?"

Kabla Kivuli hajatafsiri, yule mama alishalielewa hilo jina. Akafunga macho, akasema kidogo.

"Anasema aliyemshika ni baba yake Ngongoti. Ngongoti mwenyewe alivaa nguo nyeupe, akafika mpaka ngazi ya kwanza. Halafu akatoka."

Simu ikatembea, nikaona mawe, majani, viatu vya yule mama, kisha dirisha la gari. Ndani alikuwa mtu mwenye ndevu. Sikumjua mpaka nilipoona masikio.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu."

Alifungua mdomo. Kiswahili chake kilichopigwa pasi hakikutoka, wala lugha yake haikutoka. Na mimi, niliyevuta chatu kutoka nyumba ya jirani, nilitafuta kisa kimoja tu, hata cha uongo, hata kibaya, nikakuta sina. Akaiweka simu kitini, kioo kikiangalia juu. Tukawa tunaona dari la gari tu, la kijivu, na tunamsikia analia.

Kivuli akanyoosha kidole akate.

"Acha," nikamwambia.

Tukalitazama lile dari mpaka simu ya huko ilipozimika yenyewe.