Filamu Iliyogawanywa Nyumba kwa Nyumba

Nyumbani kwa Talato Ilboudo, mtaa wa Gounghin, Ouagadougou, palikuwa na chumba kimoja ambamo hakulala mtu hata wageni walipojaa hadi barazani. Humo ndimo alimohifadhi filamu zake. Mikanda hakuwa nayo hata mmoja. Alichokusanya ni miswada ya filamu ambazo hazikupata kupigwa picha: mwongozaji alifariki, au serikali ilipinduliwa, au yule wa ng'ambo aliyeahidi kamera hakuonekana tena. Tangu usichana wake Talato alifanya kazi ya kukaa ubavuni mwa kamera, mswada mapajani, akiangalia kofia iliyovaliwa asubuhi isije ikapotea kichwani mchana. Aliijua karatasi iliyozaa filamu, akaijua na ile iliyokufa na mimba yake. Hizi za pili ndizo alizozionea huruma.

"Wenzio wanazika," ndugu zake walimcheka, "wewe maiti unazipanga rafuni."

Mswada mmoja ulikuwa ukimkimbia miaka nenda miaka rudi. Uliitwa "Mto Unaporudi," kazi ya Cléophas Toé, Msamo kwa kabila, wa upande wa Tougan. Watu wa filamu waliowahi kuusoma walishusha sauti kila walipoutaja, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Lakini nakala yake hakuna aliyekuwa nayo. Cléophas mwenyewe alirudi kwao, akafundisha shule, akafa bila kupiga filamu hata moja. Hivyo mwishoni mwa miaka ya tisini, mavuno yalipokwisha ingia ghalani, Talato alinunua kokwa nzuri za kola, zile za kutafuna, za kumpelekea mjane, akapanda basi la Tougan, na kutoka hapo akabebwa na mkokoteni wa punda hadi kijijini, kando ya mto Sourou.

Mjane, Philomène Paré, alikuwa uani akianika mbegu za kutengenezea soumbala, kiungo cha mchuzi. Hakuinua kichwa.

"Nani huyo anaingia kama nyumba ni ya baba yake?"

"Ni bwana wako Mmosi. Nimekuja kukagua watumwa wangu."

Philomène akaacha mbegu, uso ukamchanua. Wamosi na Wasamo ni makabila ya watani tangu mababu, na utani huo hauulizi umri wala msiba: kila mmoja humwita mwenzake mtumwa na mla mbwa. "Mmosi! Ndiyo maana mbwa wangu kajificha tangu alfajiri!"

"Mwambie atoke tu. Mimi nakula kichwa, mwili nakuachia wewe."

Wakacheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Maji ya kunywa yakaletwa, kola zikavunjwa, na walipokwisha ulizana hali Talato akasema kilichomleta.

"Dada Philomène, nautafuta mswada wa marehemu. Ule wa mto."

"Unautaka wa nini?"

"Niutunze. Usipotee."

"Na nani kakwambia umepotea?"

"Basi uko hapa?"

"Hapa haupo. Uko kwa wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Wenye filamu, mtani wangu. Jifunge kanga vizuri, twende."

Njiani Philomène akamweleza. Cléophas alikuwa amewachagua waigizaji wake wote humu humu kijijini. Kila mtu alijifunza maneno yake, farasi walikwisha tafutwa, nguo zilikwisha shonwa. Ndipo watayarishaji wa ng'ambo wakaleta neno: mwisho wa hadithi ubadilishwe. Hadithi ni ya bibi harusi ambaye siku ya harusi yake mume anakamatwa na wapanda farasi, apakiwe mtumbwini, apelekwe kwenye vita vya Wazungu. Kila mwaka anakwenda ukingoni kuuamuru mto urudishe ulichochukua. Wale wakubwa walitaka mume ashuke mtumbwini, wakumbatiane. Cléophas akawajibu, "Kinachorudi ni mto. Mume harudi." Wakafunga mifuko yao.

"Aliporudi kutuambia, alilia kama mtoto," Philomène alisema. "Watu wakamwambia, mwalimu, sisi maneno tumekwisha yameza, unataka tuyatapike? Basi akaukata mswada, kila mtu akampa kurasa zake. Tangu hapo tunaufanya kila baada ya mavuno. Kamera tu ndiyo haikuja."

Talato alikuwa amekuja kuchukua maiti, na sasa anaambiwa mgonjwa hajawahi hata kuumwa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Drabo, kiongozi wa wapanda farasi. Alizitoa kurasa zake ndani ya mfuko wa ngozi uliokuwa umening'inia juu ya kitanda pamoja na hirizi zake. Zilikuwa zimelainika kama kitambaa kwa kushikwa. Nyumba ya pili, kurasa zilikuwa ndani ya chungu ghalani, mahali panya hawafiki. Mahali pengine hapakuwa na karatasi kabisa: bibi aliyeigiza mama wa bwana harusi alizikwa nazo mkononi, kwa wosia wake mwenyewe. Lakini bintiye alisimama mlangoni, mwiko wa ugali ungali mkononi, akatoa maneno ya mama yake moja baada ya jingine, na pale palipoandikwa "ananyamaza" akanyamaza kweli.

Bibi harusi walimkuta sokoni akikaanga maandazi. Assita Zerbo alichaguliwa akiwa msichana wa miaka kumi na minane. Sasa alikuwa mama mnene wa wajukuu, meno ya mbele hayapo.

"Ee Assita," Philomène akamwita, "huyu Mmosi anataka kukuona ukiolewa."

"Aniletee mahari kwanza. Na asilete mbwa!" Soko zima likaangua kicheko. Kisha akafuta mafuta mikononi, akamwangalia Talato vizuri. "Kesho asubuhi, jua halijawa kali. Waambie wote."

Hakukuwa na haja ya kumwambia mtu. Asubuhi Talato alipofika mtoni alikuta watu wamekwisha jipanga, wenye farasi nyuma ya vichaka, wanawake na vyungu vyao, wazee waliorithi sehemu za wenzao waliofariki. Mbele yao waliacha nafasi tupu, hakuna aliyekanyaga hapo.

"Hapo ni pa kamera," Philomène akamnong'oneza. "Wewe kazi yako si ilikuwa kukaa ubavuni mwake? Kaa."

Talato akaketi mchangani kando ya kamera ambayo haikuwepo.

Wakaanza. Wapanda farasi walitoka vichakani, mzee Drabo mbele, mgongo umepinda ila sauti ni ya amri, na vumbi likafunika harusi. Bwana harusi alikuwa mtoto wa bwana harusi wa zamani, akaburutwa na kamba. Assita akakimbia nyuma yao. Mwanamke yule aliyekuwa akisema jana kwamba kupanda ngazi ya ghala kunamuua, alikimbia, na Talato hakuona unene wala mapengo. Aliona msichana aliyeachwa na hina mbichi viganjani. Jicho lake la kazi lilitafuta kosa kama lilivyozoea: kofia iliyohama, hatua iliyosahauliwa. Halikupata. Miaka karibu thelathini walikuwa wameisugua filamu ile kama mtu anayesugua kibuyu mpaka king'ae.

Assita akafika ukingoni, akauambia mto, "Ulikunywa bila kuomba. Rudisha. Mimi hapa nitasimama mpaka nywele zangu ziwe rangi ya povu lako."

Nywele zake zilikuwa rangi hiyo hasa.

Ukurasa wa mwisho alikuwa nao Philomène. Haukuwa na maneno ya kusema, ila maandishi ya Cléophas: mto unarudi, watu wote wanatazama. Mjane alipoinua ukurasa ule juu, kijiji kizima kilishuka hadi majini. Wenye farasi walishuka migongoni, watoto walishikwa mikono, hata bwana harusi aliyekamatwa alifunguliwa kamba akaja. Wakasimama kimya wakitazama maji.

Zamani mto ule ulikuwa na desturi ya kugeuka wenyewe wakati wa mafuriko, ukapanda ulikotoka. Siku hizi umewekewa mageti, na maji ya asubuhi ile yalitulia kama mafuta chunguni. Talato alilijua hilo. Lakini alisimama miongoni mwao, bega kwa bega na watu asiowajua, akatazama walikotazama, na akaona mto unarudi. Aliuona. Machozi yakamtoka bila kilio. Hakuna mwongozaji aliyesema "basi". Watu walikaa hivyo mpaka farasi mmoja akapiga chafya, na kijiji kikarudi kuwa kijiji.

"Umeuona?" Philomène akamuuliza.

"Nimeuona, dada."

"Basi wewe si Mmosi kamili. Kuna Msamo alipita kwenu."

Talato alikaa pale hadi alipomaliza kunakili mswada wote kwa mkono wake, nyumba kwa nyumba, na maneno ya waliozikwa nayo akayaandika kutoka vinywani mwa watoto wao. Kurasa zenyewe hakuomba tena kuzichukua. Nakala aliiweka katika chumba chake cha Gounghin, na kwa siku nyingi baadaye alikuwa akiingia humo, anafungua mswada wowote rafuni na kuusoma kwa sauti, kwa sababu hakuwa tena na hakika kwamba yumo mfu.

Mwaka uliofuata alirudi baada ya mavuno. Mwanamke wa mtungi, yule ambaye katika hadithi humpa bibi harusi maji ya kunywa, alikuwa amefariki wakati wa masika, na hakuacha binti. Assita ndiye aliyemkabidhi Talato ukurasa ule, mbele ya watu.

"Maneno ni mafupi, mtani," akamwambia. "Hata Mmosi anaweza kuyashika."