Hatua Tusiyoisikia

Mwanga wa asubuhi uliingia chumbani kwa ufa mmoja wa dirisha, mwembamba, mrefu, ukasimama kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Na ndani ya mwanga huo vumbi lilielea, likapanda, likashuka, likapanda tena, halina haraka ya kufika popote.

"Kuna nini hapo?" baba akauliza, maana alisikia mwanawe amenyamaza ghafla.

"Hakuna kitu, baba. Vumbi tu."

"Kwani vumbi si kitu? Niambie kilichopo."

Msichana alikuwa na miaka sita, na baba yake alizaliwa haoni. Basi akamweleza. Kwamba vumbi likiwa kwenye kivuli halionekani, likigusa mwanga linawaka. Kwamba chembe moja haimfuati mwenzake, kila moja na njia yake. Kwamba ukipuliza zote zinakimbia, kisha zinarudi taratibu, kama watu waliotoka nje kuangalia ugomvi. Baba, msuka viti, aliziacha kamba zilale mapajani, akasikiliza kwa uso wake wote.

Hivyo ndivyo alivyokua, macho ya mtu mwingine. Njiani, mkono wa baba begani mwake: niambie kilichopo. Dukani, kwenye foleni, mazikoni, harusini: niambie kilichopo. Akisema amepita mtu mzuri, baba alicheka. "Mzuri ni maoni yako. Amevaa nini? Anatembeaje? Usinipambie, mwanangu. Niambie kilichopo."

Akasoma, akapenda lugha za watu, akaajiriwa redioni kuwa mtafsiri. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, pembeni mwa stoo ya mafagio. Humo mashine ya habari ilitapika karatasi mchana kutwa. Yeye alizichana, akazitafsiri, akazipiga chapa, na mtangazaji akazisoma. Mtangazaji huyo watu walimwita Radi, kwa sauti yake. Sauti ya Radi ilibeba habari za dunia. Sauti za wanawake zilibeba kipindi cha mapishi na malezi.

Mambo ya angani yalipita mikononi mwake kabla hayajafika masikioni mwa watu. Kile kimpira cha chuma kilichozunguka dunia kikilia kama kifaranga, na yule mbwa aliyepelekwa huko bila kuulizwa, hao aliwasikia akiwa bado shule. Mwanamume wa kwanza kupaa huko alimtafsiri mwenyewe. Mwanamke wa kwanza alimpiga chapa mara mbili, nakala moja ya Radi na nyingine ya kwake, akaibandika kwenye mlango wa kabati kwa ndani.

Na jioni alipofika nyumbani alimsimulia baba. Habari ya mbwa walikuwa wameizungumza miaka na miaka, kwa kuwa baba hakuimaliza.

"Alijua kwamba harudi?"

"Hapana, baba."

"Basi wangemwambia," baba alisema. "Hata kama haelewi. Unamwambia."

Sasa, kulikuwa na mkosi mmoja pale redioni. Mwenzake wa zamu alitafsiri kwamba chombo kimetumwa kwenda kuupiga mwezi picha. Akapiga chapa kwa haraka, neno moja likamponyoka. Radi akasoma kama alivyoandikiwa, kwa ngurumo yake yote: wamekwenda kuupiga mwezi! Jioni ile watoto waliitwa ndani kabla ya wakati. Wazee walitoka na viti kuangalia juu, wajue utaangukia wapi. Wakubwa wa serikali wakamwita mkuu wa vipindi, na alichoambiwa huko hakukisema, ila alirudi amekuwa mfupi kidogo. Tangu hapo amri ikawa moja: neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze. Wa kwanza kuleta yake, anaondoka.

Ndipo ikaja ile Julai, watu wawili wakatua mwezini, na ikajulikana kwamba alfajiri wangefungua mlango washuke. Hayo yangekuja moja kwa moja kupitia laini ya simu kutoka ng'ambo, kwa lugha ya wenyewe, bila karatasi. Radi hakuweza kusoma kitu ambacho hakijaandikwa.

Mkuu wa vipindi alikwenda mwenyewe hadi mwisho wa korido. Alisimama mlangoni, akaangalia mafagio, akamwangalia yeye.

"Utakaa kwenye kipaza sauti wewe."

"Mimi?"

"Unamwona mwingine humu? Utasikiliza, utasema. Neno kwa neno." Akageuka kuondoka, akarudi. "Nakuomba, mama. Neno kwa neno."

Alfajiri hiyo studio ilinuka zulia la zamani na chai iliyopoa. Ng'ambo ya kioo alikaa fundi mitambo, Radi mkononi akiwa na santuri ya muziki endapo lolote litaharibika, na mkuu wa vipindi amesimama, mikono nyuma. Taa nyekundu ya hewani ilipowaka, yeye akafumba macho. Sauti ikaja masikioni mwake kutoka mbali kupita mbali, imejaa mchanga, inakatika, inarudi, sauti ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Akaanza.

Neno kwa neno, alijaribu. Lakini maneno yalikuwa hayapo! Wenzetu walikuwa wamekwenda na chombo, wamekwenda na mitungi ya hewa, na majina ya vitu vyote wamekwenda nayo. Kila kilichotajwa kilifika kwake uchi, akatafuta cha kukisitiri. Chombo cha kutua. Vazi la kubeba hewa. Kuzunguka bila kuanguka. Mengine aliyaunda hapo hapo, jasho likimtoka. Mengi hayakudumu, watu baadaye walisema yao, na yake yakafa bila mazishi.

Mlango umefunguliwa, alisema. Anatoka kinyumenyume. Mguu uko kwenye ngazi. Yuko kwenye ngazi.

Halafu laini ikakatika.

Hakukuwa na mkwaruzo, hakukuwa na mlio. Kimya kilichoingia masikioni mwake kilikuwa kama mlango uliofungwa na mtu mwenye adabu. Alifumbua macho. Fundi mitambo alikuwa anahangaika na swichi. Radi alishainua santuri. Na nchi nzima, kwenye vibaraza na vibandani, kwenye mabweni na kambi na wodi za hospitali, ilikuwa imemwacha mtu kwenye ngazi, mguu mmoja hewani mahali pasipo na hewa.

Aliinua kiganja. Radi akasita.

"Laini imekatika," alisema. "Sisikii kitu. Sijui anafanya nini sasa hivi."

Mkuu wa vipindi alitikisa kichwa: usiongeze.

Na hapo akajisahau. Kwa sababu ya kimya, kwa sababu ya giza la macho yaliyokuwa yametoka kufumbwa, akaona uso mmoja tu unaomsikiliza, uso wote.

"Baba," alisema hewani, "ngoja nikuambie kilichopo."

Akaeleza. Kwamba mbingu ya kule ni nyeusi hata jua likiwaka, kwa kuwa hakuna hewa ya kuutawanya mwanga. Chenye jua kinawaka, chenye kivuli kimezimika, hakuna katikati. Kwamba hakuna upepo, baba, hata wa kupeperusha jani, na jani lenyewe halipo. Kwamba huko mtu akipiga makofi hayasikiki, akimwita mwenzake bila redio hasikiki. Kwamba ardhi ni vumbi laini kama unga uliopepetwa, na likikanyagwa linabaki na unyayo, hakuna wa kuufuta. Kwamba uzito wa mtu unapungua, hata akiruka, kile kitambo anachokijua kila mtoto aliyeruka kitandani, kile cha kuwa juu kabla ya kushuka, kinarefuka.

"Na dunia yetu inaonekana kutoka huko," alisema. "Imetundikwa kwenye weusi, haijashikwa na kitu. Tumo humo sote. Wewe umo, baba. Umekaa kibarazani na redio ya jirani."

Ghafla mchanga ule ukarudi masikioni. Sauti zikarudi, zenye furaha, zinapishana. Alisikiliza. Yule mtu alikuwa ameshafika chini. Alikuwa anatembea. Mguu umegusa, neno limesemwa, dunia imeshangilia, wao hawakuwepo.

Radi alibandika karatasi kwenye kioo, ameandika kwa herufi kubwa: SEMA ANASHUKA SASA.

Ingekuwa rahisi. Nani angejua? Angesema anashuka, watu wangeshangilia, ingekuwa furaha ileile iliyocheleweshwa kidogo, na hakuna mkubwa ambaye angemwita mtu ofisini. Aliitazama ile karatasi. Akamtazama mkuu wa vipindi, ambaye hakutikisa kichwa safari hii, alimtazama tu.

"Laini imerudi," alisema. "Ameshashuka. Hatua ya kwanza hatukuisikia, ndugu zangu. Imetupita. Sasa anatembea, na haya ndiyo anayoyasema."

Akaendelea hadi jua likapanda na koo likakauka.

Kisha karatasi za mashine zikamshika hadi alasiri, na alipotoka, mkuu wa vipindi alimngoja kwenye korido. "Nani alikuruhusu kumwita baba yako hewani?"

"Hakuna. Nilijisahau."

"Umejisahau mbele ya taifa." Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, bado ina ukungu. "Mama yangu amepiga simu. Miaka yote niliyofanya kazi hapa hajawahi kupiga simu. Anasema leo ndiyo mara ya kwanza ameelewa tunasema nini." Akainyoosha tai. "Wakubwa nao wamepiga. Hao hawakufurahi. Wanataka kujua kwa nini nchi yetu peke yake imekosa hatua."

"Utawajibu nini?"

"Kwamba laini ilikatika. Si ndivyo ilivyokuwa?" Akaanza kuondoka. "Kalale. Kesho uje mapema, wale watu bado hawajarudi kwao, na mimi sina mwingine."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa linazama, na ua umejaa watu. Redio ya jirani mwashi ilikuwa bado juu ya kigoda chake, imezimwa, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa aliyepata usingizi. Watu walimpokea kwa vifijo, kisha wakarudi kwenye ubishi wao.

"Mimi nauliza," alisema mwashi, "bomba la mtaa huu limekauka tangu lini? Wenzetu wanapeleka mtu mwezini, sisi maji hayapandi hata kilima!"

"Wakienda, wanatupunguzia nini?" mkewe akamjibu.

"Hawatupunguzii, hawatuongezei! Ndiyo maana nauliza."

Wakamgeukia yeye, kana kwamba aliyewaambia habari ndiye aliyewatuma. Siku za mbele zingekuja na majibu nusunusu: simu zinazoruka bahari, picha za mawingu zilizopigwa kutoka juu zikitangulia dhoruba, ndugu walioko ughaibuni wakionekana sura kwenye simu. Na bomba la mtaa ule lingekuja pia, kwa kuchelewa, kwa njia ya kawaida, kwa majembe. Lakini jioni ile hakuyajua, na mwashi alikuwa na haki yake ya kuuliza.

Baba alikuwa amekaa kibarazani. Alipogundua mwanawe amekaa karibu yake, aliutafuta mkono wake akaupata.

"Ulisema wamekwenda watatu."

"Watatu, baba."

"Wakashuka wawili."

"Mmoja amebaki kwenye chombo. Anazunguka, anawangoja."

"Peke yake?"

"Peke yake. Akipita upande wa nyuma wa mwezi hata redio haimfikii."

"Amefika na hagusi," baba alisema. "Wenzake watamsimulia." Kisha akacheka kidogo, puani. "Huyo namfahamu."

Watu walianza kutawanyika kwenda kupika. Yeye akadhani baba amechoka, akamshika kiwiko amwinue waingie ndani. Baba hakuinuka.

"Uko wapi?" aliuliza. "Mwezi. Sijawahi kukuuliza."

Kweli hakuwahi. Miaka yote ya niambie kilichopo, alikuwa ameuliza yaliyo mtaani, yaliyo karibu, yenye kelele na harufu. La juu hakuliulizia kamwe, na yeye hakujiuliza kwa nini.

Akauchukua mkono wa baba, ule mkono mgumu wa kamba, akakunjua kidole kimoja. Mwezi ulikuwa umekwisha kutoka, nusu yake, juu ya paa la mwashi, mweupe kwenye samawati inayozidi kukolea. Akakiinua kidole, akakisogeza kidogo kulia, akakishusha kwa upana wa unywele mmoja.

"Hapo."

"Hapa?"

"Hapo hapo, baba. Wawili wapo hapo sasa hivi."

Baba alikaa hivyo, mkono umenyooka kwenye mwanga asiouona, uso umeinuliwa, na mwashi aliyekuwa anachukua redio yake akasimama nayo kifuani.

"Na yule wa tatu?"

"Anazunguka papo hapo. Huwezi kumwona, hata mimi simwoni."

Mkono ulianza kuchoka, naye akauegemeza kwa chini kwa kiganja chake. Baba hakuushusha. Taratibu, kidole chake kikaanza kuchora duara hewani, dogo, la uangalifu, likifika lilipoanzia na kupita, likifika na kupita, kama mtu anayemsindikiza mwenzake asijisikie mpweke huko nyuma.