Aliyeshika Ncha ya Pili ya Pazia

Mama yetu alikuwa fundi wa mapazia, na alikuwa na msaidizi ambaye hakula, hakulipwa wala hakuonekana. Watu wazima walimwelewa Mama vizuri sana. Walisema amechoka.

Pazia pana halikatwi na mtu mmoja. Hilo hata mimi nililijua. Kitambaa kinatandazwa mezani, mmoja anashika ncha ya huku, mwenzake anashika ncha ya kule, wanavuta mpaka kinyooke, ndipo mkasi unaingia. Ukikata peke yako kinateleza, na pazia linatoka limepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mama alikata peke yake chumbani mwake mwa kazi, na mapazia yake yalinyooka. Kabla ya kukata alisema kuelekea upande mtupu wa meza, "Shika hapo, Pindo." Akimaliza alisema, "Achia, mwanangu. Ahsante." Kisha akatundika mkasi ukutani na kutuita tule.

"Pindo ni nani?" niliwahi kumuuliza, nikiwa bado mdogo na mjinga.

"Rafiki yangu wa utotoni. Siku moja nilikosa wa kucheza naye, nikamwita, akaja. Watoto wenzangu nao walikuwa na marafiki wa namna hiyo. Walipokua wakawasahau. Mimi wangu nilimpa kazi."

"Ana umri gani?"

"Uleule. Saba hivi."

Nilipofika darasa la sita nilikuwa nimeelimika, sikuuliza tena. Nilijua Pindo ni hewa. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita na elimu yake ilikuwa bado changa. Mama alimwita Kifungo, kwa sababu alikuwa wa mviringo na alipotea kila mahali. Yeye alimsalimia Pindo kila asubuhi, na alimwekea kikombe cha maji chini ya meza ya kukatia.

Siku Mama alipougua alikuwa anakata pazia la buluu la zahanati. Alifika katikati, akauweka mkasi mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akajishika kifua. Jirani aliitwa haraka. Mama alipofika mlangoni aligeuka.

"Shika hapo, Pindo," alisema. "Narudi sasa hivi."

Hakurudi. Alifia hospitalini jioni ileile.

Watu wazima walikutana sebuleni, wakajadiliana kwa sauti za chini, wakakubaliana kumwambia Kifungo kwamba Mama amesafiri. Ulikuwa uamuzi wa watu wenye akili nyingi. Mtoto wa miaka sita hawezi kugundua lolote, hata nyumba ikijaa watu wenye macho mekundu, hata begi la safari la Mama likiwa bado juu ya kabati. Siku ya mazishi alipelekwa nyumba ya pili akachore maua.

"Atarudi lini?" aliuliza aliporudi.

"Siku moja," walimwambia, wakampa biskuti.

Kifungo aliitazama ile biskuti, akaiweka kwenye mkono wa kochi, akaingia chini ya meza ya kukatia. Tangu hapo hakusema neno na yeyote kati yetu. Alinong'ona na Pindo tu. Nilimletea chakula, nilimletea mwanasesere wake, nilimwimbia hata zile nyimbo zake za kipuuzi ambazo sipendi kuzisikia. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeonekana.

Na lile pazia lilikuwa bado mezani. Ncha ya upande wa Mama ilikuwa imelala kama kitambaa chochote chenye adabu. Ncha ya pili haikulala. Ilikuwa imenyanyuka kidogo juu ya meza, imevutwa, na kwenye pembe zake mbili kulikuwa na mikunjo midogo midogo, kama ya vidole. Jirani alisema ni wanga wa kiwandani. Fundi bomba aliyekuja kutoa pole alisema ni unyevu. Mimi nilisema ni upepo, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Sote tuliridhika.

Aliyekuja kutuchukua ni Mama Mkubwa, dada yake Mama. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na filimbi yake ilikuwa shingoni hata siku ya msiba.

"Haya! Jumamosi gari linakuja. Kila mtu afungashe vyake. Sitaki uzembe, sitaki makundi makundi!"

Tulikuwa wawili.

"Kifungo hataki kutoka chini ya meza," nilimwambia.

"Hataki? Kwani kuna mtu amemuuliza kama anataka?" Akainama na kuchungulia. "Wewe, toka huko. Unaongea na nani?"

Tukasikia Kifungo akinong'ona, na hakuwa akituambia sisi. "Usiogope. Akikukalia tena nitamwambia asogee."

Mama Mkubwa aliinuka ghafla, akagonga kichwa kwenye meza.

"Nani kamwambia hayo?"

"Yapi, Mama Mkubwa?"

"Hakuna kitu." Akasugua kichwa. "Mama yenu alikuwa na vituko tangu utotoni. Anaweka kiti cha mtu ambaye hayupo, na sisi wenye miili tunasimama. Mtu mwenye akili zake angefanya nini? Anakaa."

"Kwa hiyo ulimkalia."

"Nilikalia kiti! Nenda kafungashe."

Nilijiambia kwamba Mama ndiye aliyemsimulia Kifungo habari za kiti. Ilikuwa sababu nzuri. Niliirudia mpaka usingizi ukanichukua.

Jumamosi pikapu ya milango minne ilifika mapema. Vitanda vilipakiwa, sufuria, cherehani iliyofungwa blanketi, na begi la Mama ambalo halikuwa limesafiri popote. Chumba cha kazi kilibaki na meza, pazia na Kifungo. Dereva alipiga honi.

"Tunakuja!" Mama Mkubwa akaingia, akakamata pazia ili alikunje. Alivuta. Pazia halikuja.

"Msumari," alisema.

"Uko wapi?" nikauliza.

"Upo. Nyumba za kupanga hazikosi misumari."

Akaweka filimbi mdomoni ili mikono yake iwe huru, akavuta kwa nguvu zake zote za matroni. Upande wa pili pazia likavutwa pia. Halikuvutwa kwa hasira. Lilivutwa taratibu, kama mtu anayesema bado, subiri. Mama Mkubwa akaachia. Pumzi ikamtoka, na filimbi ikalia yenyewe, kasauti kadogo ka kifaranga.

"Tutaliacha," alisema, bila kutazama tena ule upande. "Na huyu mtoto namtoa mwenyewe. Akitaka kulia atalilia garini."

Akamshika Kifungo mguu na kumvuta. Kifungo akakumbatia mguu wa meza. Hakulia, hakupiga kelele, hakusema hata "niache". Mtoto anavutwa mguu na hatoi sauti! Pazia halikuwa limenitisha hivyo.

"Muache, Mama Mkubwa!"

Nikaingia chini ya meza. Palikuwa na kikombe cha maji. Kifungo alikuwa amejibanza pembeni kabisa, akiacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja mdogo. Nilikwepa ile nafasi, sijui kwa nini.

"Twende, Kifungo."

Akatikisa kichwa.

"Basi mwambie na Pindo wako aje. Gari ni kubwa, na yeye hana hata mzigo."

Nilisema kwa kejeli. Ni lugha niliyoizoea. Lakini Kifungo alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu ile biskuti, alinijibu.

"Hawezi. Mama alimwambia ashike mpaka arudi. Mikono inamuuma, Dada."

Nilikuwa na jibu tayari. Pindo hayupo, toka, tunachelewa. Lilikuwa jibu sahihi kabisa, na lingemrudisha mdogo wangu kwenye ukimya wake, pengine moja kwa moja. Nikamtazama. Vidole vyake navyo vilikuwa vimekunjwa kwa nguvu, kama vya mtu aliyeshika kitu.

Nilitoka chini ya meza. Nikauchukua mkasi pale Mama alipouweka, nikasimama upande wake, nikashika ncha yake ya pazia.

"Unafanya nini?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Namalizia."

Nilivuta kidogo. Upande wa pili ukavutwa kidogo. Nilivihisi vidole vile kupitia kitambaa, vidogo, vikitetemeka kwa uchovu. Sitaki kujifanya shujaa. Kama mlango usingekuwa nyuma ya Mama Mkubwa ningekuwa nimeshafika barabarani. Lakini nilikata. Mkasi ulifuata alama ya chaki ya Mama mpaka mwisho, na haukupinda hata mahali pamoja.

"Achia, Pindo," nikasema.

Pazia halikushuka.

"Anamsubiri Mama," Kifungo alisema kutoka chini ya meza.

Nikamtazama Mama Mkubwa. Alitikisa kichwa kuniambia nisithubutu. Walikuwa wamekubaliana, si mchezo, kikao kizima cha sebuleni. Nikageuka nikaiangalia ile ncha ya pili, pale juu kidogo ya mikunjo, mahali ambapo uso wa mtoto wa miaka saba ungekuwa.

"Pindo, Mama hakusafiri. Alikufa. Alikufa hospitalini, siku ileile aliyokwambia ushike. Alitaka kurudi. Hakukusahau wewe, wala hakumsahau Kifungo. Hawezi kurudi tu." Nikauweka mkasi. "Umeshika vizuri. Achia, mwanangu. Ahsante."

Hakuna kilichotokea. Dereva alipiga honi tena, kwa adabu zake zilezile. Kisha pembe moja ya pazia ikashuka, polepole. Kisha ya pili. Mikunjo ya vidole ikafumuka kidogo kidogo, na kitambaa kikalala mezani.

Chini ya meza Kifungo akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, ile ya kusikika mtaa mzima, na sijawahi kufurahi hivyo kusikia kelele zake.

"Nilijua!" alisema. "Nilijua, nilijua, mbona hamkuniambia?"

Nilimtoa nikampakata. Mama Mkubwa hakuwa na amri yoyote ya kutoa. Alikuja akakaa sakafuni pamoja nasi, na kabla ya kukaa alipapasa sakafu kwa kiganja, kwa uangalifu, kuhakikisha kwamba pako wazi.

"Mdogo wangu," alisema, na hakuwa akimwita yeyote kati yetu. Kisha akalia kama msichana wa bwenini wiki ya kwanza.

Tulipotoka nilikunja pazia la zahanati nikalibeba mwenyewe. Nilikaa mbele, karibu na dereva. Kifungo aliingia siti ya nyuma akasogea mpaka dirishani. Mama Mkubwa hakuingia. Alisimama ameshika mlango wazi, akitazama nyumba.

"Tunamsubiri nani, mama?" dereva aliuliza.

"Wewe ni dereva au mwandishi wa habari?"

Dereva akarudisha macho barabarani. Mama Mkubwa akainamisha kichwa kidogo, akasema na hewa kwa ukali uleule wa Jumatatu asubuhi bwenini, "Ingia basi. Nani atakushikia mlango siku nzima? Ingia, kaa katikati."

Siti ya katikati ikabonyea.

Ndipo yeye naye akaingia. Alikuwa mwanamke mpana, lakini alijibana mlangoni mpaka bega likawa nusu dirishani, na nafasi iliyobaki katikati ilikuwa safi. Dereva aliitazama ile nafasi kwenye kioo chake. Alimtazama Mama Mkubwa. Alikuwa na swali, ilionekana wazi, lakini aliamua kubaki dereva.

Tulikuwa tumefika barabara kubwa Kifungo alipopangusa makamasi na kusema, "Mama Mkubwa, Pindo anasema ahsante kwa kutomkalia."

Mama Mkubwa alijibana zaidi mlangoni.

"Mwambie afunge mkanda," alisema.

Sote tukasikia mkanda wa katikati ukifungwa, na dereva akaongeza mwendo.