Mizani ya Delyth Bei

Katika bonde la Cwm Hesgyn mtu hapewi jina mara moja. La kwanza hupewa na mzazi. Halafu watu hukaa wakamtazama miaka kadhaa, wakampa la pili, na hilo la pili ndilo linalokwenda naye mpaka kaburini. Mwoka mikate ni Ifor Mkate. Aliyetumbukia mtoni akitoka harusini ni Haydn Mto, na wajukuu zake, ambao hawajawahi kulowa hata unyayo, nao ni wa Mto vilevile. Jina la pili huliombi wala hulikatai. Na likiharibika, watu hukubadilishia bila kukuuliza, kama walivyomfanyia Emlyn Bima, aliyemuuzia mjane bima isiyolipa kitu. Mpaka leo ni Emlyn Karatasi, na kwa aibu nyama huenda kuinunua mji wa pili.

Delyth Probert alikuwa Delyth Bei, na jina hilo alilivaa kama wenzake wanavyovaa mkufu.

Alifanya kazi Cardiff, katika kampuni ya Mantol, ile tovuti ya kulinganisha bei za gesi, umeme, bima na kadhalika. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu waliokwama katikati ya fomu. Lakini kazi aliyoipenda hasa ilikuwa ya Jumanne jioni, nyumbani kwake, baada ya chai. Jiko lilijaa. Wengine walikaa kwenye ngazi, wengine walisimama na vikombe vyao kwenye ukumbi, kila mmoja na bili yake mkononi na umbea wake mdomoni. Delyth alifungua kompyuta, akauliza hili na lile, akabonyeza, na mtu aliondoka na bei nafuu pamoja na habari za nani amemkimbia nani. Hakuchukua hata senti. Walimletea keki za kikaango zenye zabibu kavu, na hata hizo zililiwa na wageni wenyewe.

Ukutani juu ya meza palikuwa na picha ya babu yake, Watkin Mizani. Zamani mchimbaji wa makaa alilipwa kwa uzito wa alichokichimba, na karani wa tajiri ndiye aliyesimama kwenye mizani pale mdomoni mwa mgodi. Wachimbaji hawakumwamini. Basi sheria iliwaruhusu wachague mtu wao, wamlipe kutoka mifukoni mwao, asimame bega kwa bega na karani yule na kuandika kila anachokiona. Watkin alisimama pale miaka ishirini na miwili. Mizani ya tajiri hakuigusa hata siku moja. Alitazama tu, akaandika. Wazee walisema tangu aliposimama pale, makaa ya bonde lile yalianza kuwa mazito.

Januari ya mwaka 2014, bei za gesi na umeme zilipopanda tena, kamati ya klabu ya raga ilimwomba Delyth afanye jambo kubwa: auhamishe mtaa mzima kwenye kampuni nafuu kwa mkupuo, nyumba arobaini na moja, Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa klabu, kabla ya mechi. Delyth alikuja na sweta la kazini, la buluu, lenye mizani ya dhahabu kifuani. Projekta ilimulika ukuta. Ukumbi ulijaa kama siku ya mazishi ya mtu mwema.

Akaanza na bili ya Bi Eirwen, mjane wa nyumba namba tatu, kila mtu aone. Orodha ikatokea ukutani, na kampuni iliyoongoza kwa unafuu ilikuwa ya pauni elfu moja mia moja na nne kwa mwaka.

"Shemeji," ikasema sauti kutoka nyuma, "swali dogo tu."

Watu wakaguna kwa furaha. Alikuwa Mostyn, mume wa Nerys, dada yake Delyth. Mostyn Hapana, maana katika miaka arobaini ya mikutano ya chama cha wachimbaji hakuna aliyewahi kumwona akiinua mkono kukubali kitu.

"Uliza, Mostyn. Tukikunyima utaugua."

"Mshahara wako anakulipa nani?"

"Mantol."

"Na Mantol wanalipwa na nani?"

"Kampuni za umeme. Mteja akihamia kupitia kwetu, kampuni inatoa kamisheni. Si siri hiyo, imeandikwa pale chini."

"Kwa herufi za sisimizi," akasema Mostyn, na ukumbi ukacheka. "Kwa hiyo muuza samaki ndiye anayemlipa mwenye mizani."

"Wote wanalipa, shemeji. Anayeongoza anaongoza kwa bei yake, si kwa uzuri wa macho yake."

"Wote?"

"Wote waliopo sokoni," akasema Delyth. "Naweka jina langu hapo."

Kicheko kikakatika. Cwm Hesgyn hamna anayeweka jina lake kwa mzaha. Mostyn akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa barua, akaikunjua taratibu kama padri.

"Hawa ni Derwen. Kampuni ndogo, upande wa mpakani kule. Nyumba kama ya Eirwen, pauni elfu moja na arobaini na tatu. Barua ni ya Alhamisi. Nionyeshe walipo, shemeji, macho yangu yamezeeka."

Delyth akaishusha orodha mpaka mwisho. Akaipandisha. Akaishusha tena. Derwen hawakuwamo.

"Delyth, mwanangu," akasema Bi Eirwen kwa upole, "basi nisubiri kidogo?"

Neno hilo lilimchoma kuliko kejeli zote za Mostyn. Watu wakakusanya bili zao mmoja mmoja, wakatoka huku wakizungumzia mechi kwa sauti ya juu kupita kiasi. Na asubuhi iliyofuata, kwenye foleni ya Ifor Mkate, mtu mmoja akatamka "Delyth Nusu". Nerys alimpigia dada yake simu kumpa habari kabla mkate wake haujapoa.

"Nani kasema?"

"Kwani muhimu nani kasema? Wamecheka, Delyth. Ukiona wamecheka, limeshaanza kushika."

Jumatatu Delyth alifika kazini mapema, akafungua tovuti kama mteja na kujaza fomu ya Bi Eirwen taratibu, akisoma kila neno. Hilo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Miaka mitatu alikuwa akiijaza fomu ile kwa kasi hata vidole vikaijua kuliko macho. Swali la kwanza, la pili, la tatu. La nne liliuliza: *Ungependa kuona mikataba unayoweza kuhamia leo?* Na alama ilikuwa tayari imewekwa kwenye Ndiyo.

Nani angekataa? Januari, mtu anatetemeka, anaulizwa kama anataka leo! Delyth mwenyewe aliwafundisha watu: hapo pita tu, acha Ndiyo. Bonde zima alilifundisha.

Akabonyeza Hapana.

Orodha ikarefuka. Juu kabisa walikaa Derwen, elfu moja na arobaini na tatu. Chini yao kampuni nyingine tatu, na ndipo ikaja ile ya elfu moja mia moja na nne, ya tano. Kando ya zile nne za kwanza paliandikwa kwa rangi hafifu: *Huwezi kuhamia kupitia Mantol.* Maana yake, hawa hawatulipi.

Alimfuata Rhodri Pask, mkuu wa kitengo chao, kijana mwema aliyeleta maandazi kila Ijumaa na kukumbuka siku za kuzaliwa za watu.

"Hatukuwaficha," Rhodri akasema. "Si umewaona? Wapo."

"Wapo nyuma ya mlango ambao mtu mwenye akili timamu hawezi kuufungua."

"Delyth, tukiwatanguliza wasiotulipa, taa za humu atalipa nani? Na wewe unajua. Kabla yetu, watu wa kwenu walikaa na kampuni ileile miaka thelathini, wanakamuliwa na hawajui. Ni nani aliyewaamsha?"

Lilikuwa kweli. Mwaka uliopita tu Bi Eirwen alikuwa ameokoa pauni mia mbili kwa tovuti hiyohiyo.

"Ninyi mliwaamsha," akasema. "Hilo siwanyimi. Na mizani yenu haidanganyi uzito, Rhodri, nimeikagua. Ila mnachagua ni vikapu gani vipande juu yake, halafu mnasema soko lote limepimwa."

"Unataka nifanye nini?"

"Swali la nne liandikwe lilivyo. *Tukuonyeshe na wale wasiotulipa?*"

Rhodri akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hilo linaamuliwa juu kwa wakubwa. Miezi, pengine. Pengine kamwe."

"Basi Jumamosi nitawarudisha watu ukumbini, nitawasomea mimi hivyo."

Rhodri akaonyesha kwa kidole mizani ya kifuani mwake. "Jumamosi yako ni yako, siwezi kukuzuia. Ila usilisome umevaa sweta letu."

Delyth alilivua palepale, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza yake, na siku nzima akapokea simu kwa blauzi huku baridi ikimla.

Jumamosi ile ukumbi ulifurika. Walikuja hata watu wa mtaa wa juu ambao hawatumii gesi. Delyth aliingia na koti lake jekundu, lile la harusini, akasimama mbele ya ukuta mweupe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuanza na umbea.

"Wiki jana niliweka jina langu juu ya neno 'wote'," akasema. "Halikuwa kweli. Sikukusudia kuwadanganya, lakini niliwadanganya, na wengi wenu nimewadanganya miaka mitatu pale jikoni kwangu mkiwa na chai yangu mkononi. Leo nitawaonyesha nilipokosea, mkishaona mnipe jina mnalotaka."

Akajaza fomu ya Bi Eirwen. Swali la nne akalisoma lilivyoandikwa, kisha akalisoma lilivyo. Akabonyeza. Ukuta ukajaa majina, Derwen wakiwa juu, na ukumbi ukatoa sauti kama ya watu mia wanaoweka mizigo chini.

"Si nilisema?" Mostyn alikuwa amesimama, kifua mbele. "Si nilisema mimi?"

"Ulisema, mume wangu," akasema Nerys kutoka kando yake. "Sasa waambie na ile vocha."

"Vocha gani?"

"Hiyo ya pauni ishirini na tano kwa kila jirani utakayempeleka Derwen. Barua ina ukurasa wa pili, wapenzi wangu. Ameuacha nyumbani chini ya redio."

Ukumbi ukalipuka. Haydn Mto alicheka mpaka akashikiliwa. "Mostyn Vocha!" akapaza sauti mtu, na likaanza kurushwa kutoka meza hadi meza, Mostyn akiwa mwekundu kama koti la shemeji yake. Dakika mbili zaidi na lingemshika mpaka kaburini.

Delyth akainua mkono.

"Mwacheni," akasema. "Alikuwa na vocha na alikuwa na haki, vyote viwili kwa pamoja. Mimi nilikuwa na nia njema na mshahara, nikakosea. Anayelipwa na muuzaji si lazima awe mwongo. Lakini lazima awepo mtu wa kusimama kando yake."

Hapo Mostyn, ambaye alikuwa ameshaanza kutafuta mlango kwa macho, akageuka. Alitazama koti jekundu, kisha akavua kofia.

"Mwenyekiti," akasema, "nina hoja."

"Toa," akasema mwenyekiti wa klabu.

"Natoa hoja kwamba mtaa huu umchague mpimaji wake. Kila nyumba itoe senti hamsini kwa mwezi. Asiwe anatuchagulia, asiwe anatuuzia. Asimame kando ya tovuti hizo, zote, na barua za akina mimi, atazame, aandike anachokiona. Kama Watkin. Na napendekeza mjukuu wake."

Kwenye ukumbi ule kila mtu alikuwa na babu aliyewahi kulipa senti kwa Watkin Mizani.

"Wanaokubali?" akauliza mwenyekiti.

Mikono ikapanda. Delyth aliona wa Ifor ukiwa bado na unga, wa Bi Eirwen ukishika bili yake, wa Emlyn Karatasi kule mlangoni alikokuwa amesimama nusu ndani nusu nje. Na kule nyuma, mzito kama umeinuliwa kwa kamba, mkono wa Mostyn Hapana. Watu waligeuza viti vyao wauone vizuri. Nerys alilia bila kujificha.

"Haya, mwanangu," akasema Bi Eirwen, "sasa bonyeza."

Delyth alikaa hapo mpaka mechi ikaisha bila yeye, kila nyumba kwa zamu yake, na kila jibu aliliandika kwenye daftari. Jumatatu Rhodri alisimama mezani kwake, mikono mfukoni.

"Nyumba arobaini na moja," akasema kwa sauti ndogo, "zilizopitia kwetu ni sita."

"Kwa hizo sita mlikuwa nafuu kweli," akajibu Delyth. "Nimeandika. Jumanne orodha nitaibandika klabuni, Mantol sita, kwa haki."

Rhodri akaitikia kwa kichwa. Lakini sweta lililokunjwa hakumwambia alivae.

Jumanne asubuhi alipita kununua mkate. Foleni ilifika barabarani, na watu walikuwa katikati ya habari ya mchungaji na baiskeli yake mpya. Ifor akachungulia juu ya vichwa vyao, mkate mkubwa mkononi.

"Mizani!" akaita. "Wako huu, njoo uchukue!"

Delyth alikuwa ameshapita mbele na kunyoosha mkono kabla hajakumbuka kwamba zamani jina hilo lilikuwa la mtu mwingine.