Joho la Kuazima

Mke wangu Mwatima alikuwa na picha moja tu ya baba yake, na picha hiyo aliwapa watu wa kamati kwa mkono wake mwenyewe. Mie nilimkataza.

"Wakubwa ukishawapa kitu, si chako tena."

Akanicheka. "Wee kwako kila mwenye tai ni mwizi."

Kamati yenyewe ni ya Wazanzibari wenzetu wa hapa London, waliosoma, wenye vyeo vyao. Walikuwa wanatengeneza kitabu cha historia kwa watoto wetu waliozaliwa huku, kuwaeleza vipi ufalme ulivyoanguka Januari ya sitini na nne na Sultani akaondoka na meli. Mwatima alitaka jambo moja. Baba yake, Himid, alikuwa mwokaji mikate. Siku zile za mapinduzi walikuja kumchukua nyumbani na unga ungali mikononi. Hakurudi, na kaburi lake halijulikani mpaka leo. Mwatima alikuwa na miaka sita, kasimama mlangoni, anaona.

"Muandike kwamba aliuawa," aliwaambia. "Wajukuu wangu wasome. Basi."

Wakamuahidi. Saratani iliyompata haikungoja kitabu. Nikamzika huku kwenye baridi, na ahadi yao haijatimizwa.

Kitabu kilizinduliwa kwenye ukumbi wa hapa Thamesmead, hatua chache na ghorofa letu. Sambusa zilikuwepo, na hotuba, na mikrofoni inayokoroma. Mie kusoma kwangu ni kwa kudonoa, na Kiingereza ndiyo kabisa, basi nikawa napekua picha. Nikamwona mkwe wangu, kajaza ukurasa mzima. Nikampa mjukuu wangu Najla asome, akasoma kwa Kiingereza chake cha haraka, na mama yake, binti yangu Afnan, akanitafsiria huku sauti ikimpungua.

"Wanasema huyu ni katika jamaa za Sultani, baba. Aliondoka naye kwenye meli, akaishi salama ng'ambo."

Picha ile ilipigwa siku ya harusi yake. Bwana harusi wa kwetu huvaa joho na kilemba, na jambia kiunoni, na asiye navyo huazima. Himid aliazima kwa jirani, na jambia akaonywa asilichomoe, lina kutu. Sasa hawa wa kamati, waliooa kwa suti, wameona joho wakaona ukoo wa mfalme.

Nikamfuata mwenyekiti wao, Hussam.

"Huyu alikuwa mwokaji mikate."

"Ami Miraji! Sambusa umepata?"

"Sambusa nimekula. Mtu huyu aliuawa, na mke wangu aliwaeleza."

Akanishika bega, akanisogeza pembeni. "Ami, maneno ya marehemu tuliyatoa. Tukiandika waliokufa upande huu, wa upande ule watauliza wao mbona hawamo. Kamati nzima ilikubali, watoto wasisomeshwe maiti. Picha ikabaki haina maneno, na aliyepanga kurasa kaona joho..."

"Kwa hiyo mkaamua mumfufue, mumpandishe meli?"

Watu wa karibu wakacheka. Hussam hakucheka.

"Chapa ya pili tutarekebisha, inshallah."

"Na hivi vya sasa?"

"Vishakwenda mashuleni, ami."

Ndiyo wakubwa hao. Sultani kapewa kurasa zake, waliompindua wamepewa zao, mwokaji mikate wamemnyang'anya hata kifo chake. Na picha hawajairudisha. Wanasema ipo, inatafutwa. Nikitaka kumwona mkwe wangu, lazima nifungue kitabu chao.

Kila Januari Mwatima akimfanyia baba yake khitma. Mwaka huu nimeifanya mie, hapo sebuleni, na majirani wachache na sahani ya halua. Mwalimu wa msikitini, aliyekuja kutusomea, akauliza anaombewa nani. Nikataja: Himid, baba yake Mwatima, aliyeuawa mwezi kama huu.

Najla akainua uso. Kiswahili anakielewa lakini hujibu Kiingereza. Siku hiyo alijilazimisha, kwa kunionea huruma nadhani.

"Babu, yeye hakufa hapo. Alikimbia na meli."

"Hakupanda meli yoyote. Bibi yako aliona wanavyomchukua."

"Bibi alikuwa mdogo sana, babu." Akaisema polepole, kama anamweleza mgonjwa. "Sisi tumesoma shule. Mwalimu wetu wa darasa kaweka picha yake ukutani. Darasa lote wanajua mimi ni jamaa ya mfalme."

"Najla, nyamaza," Afnan akasema.

"Lakini kweli, mama!"

Nilikuwa na neno langu tu, na la marehemu. Yeye ana kitabu.

Mwalimu wa msikitini akakohoa, akaanza. Tulipoinua mikono kuomba, ya Najla ilibaki mapajani.