Ndiyo ya Thurston Beale

Kadi ilikuwa ya rangi ya waridi, ndogo kuliko kiganja, na ilimuuliza Odile Pelletier swali moja tu: unaunga mkono muswada huu au unaupinga? Alikuwa ameshika kalamu kwa dakika nzima bila kuandika kitu. Si kwamba hakujua jibu. Jibu alikuwa nalo tangu Januari, siku aliposoma gazetini kwamba yeyote anayeuza chakula cha nyumbani kando ya barabara katika jimbo la New Hampshire atatakiwa awe na jiko la pili, lililotengwa na la familia, na mtu wa kukaa kibandani kutwa nzima. Kilichomzuia mkono ni jina la aliyeuleta muswada wenyewe: Mheshimiwa Thurston Beale, jirani aliyepakana naye kwa ukuta wa mawe, ambaye kila theluji ikianguka humsafishia njia ya gari kabla hajaamka.

"Weka alama, mwenzangu, hicho si cheti cha ndoa," alisema Lorna Crowther, mwenye duka la misumari na rangi na mwenyekiti wa wafanyabiashara wa Harlow Mills.

"Si useme tu wewe, Lorna? Wewe unajua kusema."

"Mimi nimeshasema mpaka wamenichoka. Wajumbe wanataka kumsikia yule atakayeumia."

Odile akaweka alama penye kupinga, haraka haraka, kisha akaipeleka kadi mezani kwa karani wa kamati kabla moyo haujambadilikia.

Kibanda chake kilikuwa na paa la bati na mlango usiokuwa na kufuli. Asubuhi alipanga pai za tufaha na za nyama, zile alizofundishwa na bibi yake wa Quebec, akarudi zake jikoni. Waliopita walijichukulia na kulipa wenyewe. Kazi hiyo ilimlea tangu kiwanda cha viatu kilipofungwa, miaka kumi na tisa iliyopita, na jiko la pili lingemgharimu nyumba nzima. Lakini kusema mbele za watu hakuzoea. Kila Machi, katika mkutano wa mji, wengine walipotoleana macho kwa sababu ya matope ya barabarani, yeye alikuwa nyuma ya ukumbi akikata vipande vya pai. Aliwapenda watu kwa namna hiyo, kwa kuwalisha, na hakuona kama amepungukiwa na kitu.

Chumba cha kamati pale Concord, mji mkuu wa jimbo, kilikuwa kidogo na chenye joto. Wajumbe kumi na tisa walizunguka meza, na Odile alishangaa jinsi walivyofanana na wateja wake. Mmoja alikuwa fundi bomba mstaafu, mikono yake bado ikionyesha kazi aliyoifanya. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alikuwa akifuma soksi, wala hakuna aliyeona ajabu. Mshahara wao wa mwaka mzima haukutosha kununua hata jozi ya viatu vya maana, Lorna alimnong'oneza, kwa hiyo wanaokuja huku ni wenye wito au wakorofi.

"Yeye ni yupi?" Odile akauliza, akimtupia jicho Thurston, aliyeketi miongoni mwa wajumbe.

"Leo tutajua."

Jina lake lilipoitwa, miguu ilimpeleka yenyewe. Alisema anaitwa Odile, anapika pai, na angependa kuendelea kupika.

"Ongeza sauti kidogo, mama," fundi bomba akamwambia kwa upole. "Huku mwisho hatukusikii."

Akarudia yale yale, kwa sauti ndogo zaidi. Alikuwa amepewa dakika tatu. Alizotumia hazikufika hata moja. Thurston alikuwa ameinamia karatasi zake, masikio mekundu, na Odile akarudi kitini akijiona mjinga wa wajinga.

Kamati haikungoja siku nyingine. Mwenyekiti aliomba hoja, na bibi wa soksi akatamka maneno machache ambayo Odile hakuyapata, maana damu ilikuwa bado ikimvuma kichwani. Alichosikia ni majina yakiitwa, na kila jina likajibiwa ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Kisha likaitwa jina la Beale. Thurston akainua uso, akamtazama Odile moja kwa moja, akasema, "Ndiyo."

Odile hakungoja waliobaki. Alitoka akasimama kwenye korido ndefu yenye picha za magavana waliokufa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hasira haikumshuka tumboni bali ilipanda. Mlango ulipofunguliwa, na Thurston akatokea na mkoba wake, Odile alikuwa tayari.

"Thurston Beale! Simama hapo hapo!"

Watu wakageuka.

"Mwaka jana umekula pai zangu ngapi? Usinijibu, najua mimi! Ulipopasuliwa goti, nani alikuletea ya nyama mpaka kitandani? Ilitoka jiko gani? Mle mle! Na paka wangu alikuwepo, akitazama!"

"Odile, ngoja—"

"Sijamaliza! Unajua kibanda kile ni nini wewe? Wale ndugu wawili wa shambani kwa Gagnon, hawajasemezana tangu baba yao afe. Lakini pale mlangoni kwangu mmoja akitoka mwingine akiingia, lazima waseme habari za asubuhi, maana mlango ni mwembamba! Miaka kumi na tisa sijafunga. Kilichopotea ni kisu kimoja cha kukatia, nacho kilirudishwa baada ya siku mbili, kimenolewa! Halafu unataka nimweke mtu awakodolee macho majirani zangu kama wezi! Na ukanitazama usoni, ukasema ndiyo!"

Bawabu mwenye koti la kijani alijongea. "Mama, tafadhali, vyumbani watu wanafanya kazi. Punguza sauti."

Lorna alikuwa amefika mbio, akamshika mkono. Alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka.

"Odile, mwenzangu. Tumeshinda."

"Tumeshinda nini? Nimewasikia kwa masikio yangu!"

"Hoja ilikuwa kwamba haifai kutunga sheria hii. Ndivyo wanavyosema huku wakitaka kuuzika muswada. Anayesema ndiyo ndiye anayeuzika. Wameuzika wote kumi na tisa."

Odile alimtazama Lorna, kisha Thurston. "Hata yeye?"

"Hata mimi," Thurston akasema. "Dada yangu alikula saladi ya mayai huko pwani, akalazwa siku tatu. Nikaona lazima nifanye jambo. Kibanda chako hakikunijia akilini kabisa, nakuapia. Kwangu mimi kile si duka, ni kwako. Uliposema ungependa kuendelea kupika, basi, nikajiona mpumbavu."

Odile alitaka sakafu ipasuke immeze. Alingoja aibu ije, na aibu haikuja. Kilichokuja ni kicheko, kikubwa, cha kutoka tumboni, kikamwambukiza Thurston, na hata bawabu akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe haikuwa ya muswada peke yake.

"Haijaisha lakini," Thurston akasema, akijifuta macho. "Alhamisi watapiga kura wajumbe wote wa bunge la jimbo, karibu mia nne, na wengi hawajakanyaga Harlow Mills. Kamati imenipa mimi niwaandikie sababu, ati kwa kuwa balaa nimelileta mwenyewe. Sina hata sentensi moja. Sasa hayo uliyonimwagia hapa..."

"Yapi?"

"Yote. Ila ya goti tuiache."

Odile akaketi kwenye benchi, akamsogezea nafasi, akangoja mpaka Thurston alipopata kalamu mkobani.

"Ya goti inabaki," akasema. "Andika."