Ushahidi wa Kuku

Vifaranga wa Amondi walianza kutetemeka Jumatatu, juu ya paa la ploti yao, jengo la kupanga mtaani Tassia, kati ya tangi la maji na kamba za nguo. Kwanza vichwa, kisha miguu ikalegea, wakawa wanakalia visigino. Amondi alidhani ni baridi. Akawasha jiko, akawatilia shubiri na pilipili kwenye maji, kama kila mfugaji wa pale anavyokushauri. Wapi! Kufikia Jumatano, kati ya mia walikuwa wamesimama thelathini. Daktari wa mifugo alisema virusi vimeingia ubongoni, na dawa hakuna.

"Sasa wamevitoa wapi?" Amondi akauliza.

"Muulize mama yao," daktari akasema, akashuka ngazi.

Mama yao alifika kesho yake saa nne asubuhi, kuku mwekundu, kucha zimejaa vumbi la Jogoo Road. Ngui, soja wa geti, alimwandikisha kwenye kitabu cha wageni, kisha akampandisha hadi juu.

"Pole, mama," kuku akasema, akiwatazama wanawe. "Hatukuchanjwa. Tuliugua kidogo tu, mayai yakapungua, lakini wenye banda hawakuacha kuyaokota. Ugonjwa ulipitia kwenye yai."

"Na wenyewe walijua?"

"Tuliwaona wakiandika kwamba tumechanjwa."

Hasira zilimkausha Amondi mate. Miaka ishirini amefua nguo za watu Buruburu ili aanze kazi yake mwenyewe, na vifaranga hawa ndio walikuwa mwanzo. Akamkwapata kuku, akaenda naye hadi Makadara, kwenye duka lenye mashine ya kuangulia, walikototolewa vifaranga wake. Alitaka jambo moja tu: mayai ya banda la kuku huyu yasianguliwe tena.

Sylvance, karani wa kaunta, aliwasikiliza hadi mwisho, hata akamwomba kuku arudie tarehe.

"Sikatai, mathe. Anasema ukweli. Lakini shahidi lazima awe na kitambulisho, na huyu hana."

"Si unamsikia mwenyewe?"

"Namsikia. Sasa kwa fomu nijaze nini?"

"Jaza kuku!" Amondi akaipiga kaunta kofi.

Foleni ikasonya. "Mnyonge hana haki, mathe. Tupishe," akasema mzee mmoja aliyekuja na boksi lake lenye matundu.

Kuku aliomba radhi, akasema saa yake imefika. Akachutama juu ya kaunta, kando ya mhuri, akataga. Amondi akafungua kinywa, lakini Sylvance alimwinulia kidole angoje. Akalipangusa yai taratibu, akaliandika tarehe, akalipanga kwenye trei ya mayai ya kuingia mashineni jioni hiyo.